Taiga Hanisikii, Kiprono

Kiprono, mtoto wa mama yangu,

Huyu mbwa wako atanimaliza. Naanza na hilo kwa sababu salamu zitafika baadaye, na huko uliko najua huna haraka. Ni Chebet, binti yako, aliyeniambia niandike. Anasema nikisimama pale kaburini nikikuongelesha kwa sauti yangu hii, watu wanaopeleka majani ya chai senta ya kuuzia wanapita mbio wakidhani kuna ugomvi wa mpaka. Nikamwambia mimi na kalamu tuliachana darasa la nne, na haikuwa makosa yangu, nilikuwa nimemaliza yote mwalimu aliyokuwa nayo. Akacheka kidogo. Tangu tukuzike sikuwa nimemwona akicheka, kwa hivyo nikachukua kalamu.

Sasa sikiliza.

Unakumbuka Taiga ulivyomwacha. Kijibwa cha rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na lingine limelala, kama mtu asiyejua atapigia nani kura. Ulipopelekwa hospitali ya Kaplong na hicho kifua chako, alikuwa bado anakojoa akisalimia watu. Sasa amerefuka, miguu ni ya mbuzi, na akili ameiacha mahali. Ndani ya nyumba ni mtakatifu. Shemeji, mkeo, akimwambia keti, anaketi. Akimwambia toka jikoni, anatoka kwa heshima kama shemasi. Lakini fungua geti tu, apigwe na upepo, aone ile chai imelala mpaka bondeni, basi masikio yanafungwa. Nje ya boma hajui jina lake. Hajui jina la mtu yeyote.

Na unanijua, mimi ndiye niliyejiingiza. Siku ya mazishi yako watu walikuwa wameketi chini ya turubai, mchungaji anatafuta mahali pake kwenye Biblia, huyu Taiga akapita katikati ya viti na kuchukua kofia ya Arap Sigilai, yule jirani yako wa kondoo. Hakuiba kwa siri. Aliichukua kichwani, mzee akiwa ameinama kuomba. Akaingia nayo kwenye chai, na sisi wote tukawa tunaona majani yakitikisika kuteremka, tukitikisa vichwa. Sigilai akasema mbwa asiye na mwenyewe ni hasara kwa mtaa mzima.

Hiyo ilinichoma. Mtu yuko ndani ya sanduku hata udongo hajawekewa, na wewe unasema mbwa wake hana mwenyewe? Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba huyo mbwa ana mwenyewe, mwenyewe ni mimi, na kabla mvua kubwa haijaanza atakuwa anasimama nikisema simama na analala nikisema lala, hata katikati ya hao kondoo. Nikawakumbusha kwamba niliwahi kufanya kazi kwa mzungu wa shamba kubwa, na mbwa wake wakali walikuwa wananipigia saluti asubuhi. Hiyo ya saluti labda ni kusema sana. Lakini mguu waliinua.

Ungekuwa umeketi ungeuliza lile swali lako. Maisha yako yote hukuwahi kunikatiza, hukuwahi kuniita mwongo. Nilipowasimulia jinsi nilivyomshika chui mkia kule ukingoni mwa msitu mpaka akachoka kuvuta, watu wote walikuwa kimya kwa hofu. Wewe ukamaliza maziwa yako ya mursik, ukapangusa mdomo, ukauliza polepole, "Na chui naye alisemaje?" Nilipowaeleza habari za ng'ombe wangu wa Kipkelion, niliyemfundisha kuangalia kushoto na kulia kabla ya kuvuka reli: "Na ng'ombe naye alisemaje?" Watu wanaanguka kwa kicheko, mimi nakasirika, na wiki ijayo naleta nyingine kubwa zaidi. Siku hizi hakuna anayeuliza. Nasimulia mpaka mwisho na wananiambia tu, sawa, Kiplangat.

Basi nikaanza kazi. Nilianza na Kizungu, kwa sababu mbwa wa mzungu hawakujua lugha nyingine. Nikamtoa Taiga nje asubuhi, nikasimama mbele yake kama sajini, kifua nje, nikasema sit. Akaniangalia mguuni. Nikasema kam. Akaenda. Nikapaza sauti, na sauti yangu unaijua, ng'ombe wa Mogogosiek wanaacha kutafuna. Akaenda mbali zaidi. Kadiri nilivyoita ndivyo alivyoona ni mchezo, na akifika chini ya chai hakuna binadamu wa kumfikia. Sisi tunaona juu tu, kumenyooka kama meza. Kumbe huko chini kati ya mashina kuna barabara zake, na yeye ndiye diwani wa barabara hizo. Zetu hazijapona tangu mvua za Elinino, zake ni safi.

Nikanunua maini. Nje ya geti nikayashika juu, nikaita. Alikuja mbio, nakubali, alikuja kama risasi. Akachukua maini na kipande cha kidole, akaendelea na safari.

Nikafunga kamba ndefu ya katani, upande mmoja shingoni mwake, upande mwingine kiunoni mwangu, ili ajue nani ni mlingoti. Wakati huohuo sungura akavuka. Sitaeleza sana. Shemeji alinitoa kwenye mtaro akanipa maji ya moto ya kuosha, na nilimwona akiuma kitambaa cha kichwa asicheke.

Nikaazima filimbi ya shule, ile ya mpira. Mwalimu mkuu alinipa kwa sababu ya heshima yako. Nilipoipuliza, watoto wote wa darasa la kwanza wakatoka darasani. Mbwa hakutoka mahali popote. Kabla ya jua kuwa kali filimbi ikawa imerudishwa.

Unaona ninavyohangaika? Mimi, mtu wa chui.

Halafu ikafika ile ya kondoo. Kondoo wa Sigilai wana mimba, karibu wote, na Taiga akawaingilia siku moja wakiwa malishoni. Hakumuuma hata mmoja, nilikuwa hapo, naapa. Alitaka wakimbie na yeye akimbie pembeni yao, basi. Lakini unajua kondoo mwenye mimba akikimbizwa. Mimi nimesimama kwenye ua naita, naita, sauti imekauka, na yeye anazunguka nao kama upepo wa Februari. Sigilai mwenyewe alimfukuza kwa rungu. Kisha akaja mpaka geti lako, hakunipa mkono, akasema kwa utulivu kwamba akimwona tena huko atamfunga kamba kwenye mti, na si kamba ya kufundishia.

Mambo yakapelekwa kokwet. Majirani wakaketi pale kwenye nyasi kama wanavyoketi kwa mambo ya ng'ombe na mipaka, na wazee wakasikiliza pande zote. Kwa ukweli Sigilai hakuwa mbaya. Alisema alikupenda, lakini kondoo ni karo ya watoto wake. Nikaongea mimi. Niliongea vizuri sana, mpaka mzee mmoja akalala. Wakaamua hivi: Jumamosi watu warudi pale pale, Taiga aachiliwe bila kamba, kondoo wakiwa wanaonekana ng'ambo, na mimi niliyejiita mwenyewe nimwite. Akija, kesi imekwisha. Asipokuja, mbwa ni wa Sigilai kufanya anavyojua.

Nilipomletea Shemeji habari alikuwa anapepeta maharagwe. Hakusimamisha mikono. Lazima ujue, Kiprono, kwamba huyo mbwa analala juu ya gambuti zako pale barazani. Hakuna aliyemwonyesha. Kila asubuhi Shemeji anamsukuma kidogo kwa mguu ili achukue ndoo, na kila asubuhi nasikia anamwambia jambo, chinichini, jambo la watu wawili. Alipepeta mpaka makapi yakaisha. Ndipo akasema, "Baba watoto ameenda. Usinipotezee na huyo."

Nilikosa hadithi ya kumwambia. Nilitafuta, haikuja.

Sasa chai yako nayo haingoji kesi ya mtu. Majani yalikuwa yanakomaa, Chebet yuko shuleni anafundisha, na Shemeji mkono ulikuwa umevimba kwa kukama. Siku moja kabla ya hiyo Jumamosi ikabidi mimi nichune. Unajua maoni yangu juu ya kuchuna. Ni kazi ya watu wasio na la kusema. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka mtu anasahau ana mdomo. Lakini nikajifunga aproni yako ya nailoni kiunoni, nikachukua kikapu chako pale ukutani, kile kilichoshonwa mdomo kwa kamba ya bluu, nikakitundika mgongoni. Mikanda iko chini sana kwangu. Sikuwahi kujua mabega yako yalikuwa mapana hivyo.

Taiga alitoka na mimi. Nikamwita mara ya mwisho, kwa adabu, akaniangalia, akaingia chini ya chai. Nikamwambia nenda, potea, kesho tutakutana mbele ya wazee. Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa nimechoka, Kiprono, si uongo. Nikaanza kuchuna, natupa nyuma ya bega, natupa nyuma ya bega, na nikimaliza mahali najisemea peke yangu, kwa sauti ya mtu aliyekosa pumzi, twende. Nasogea. Twende. Nasogea.

Mara kikapu kikatikisika.

Nilifikiri ni mkanda. Kikatikisika tena, kama mtu anabisha hodi kwa nyuma. Nikageuka: Taiga, pua imegusa chini ya kikapu, anatembea kwenye visigino vyangu. Nikafurahi, nikampigia kelele, kam, kam hia. Akaruka, akapotea. Nikasimama nikiwaza. Nikageuka tena nikachuna. Twende. Pua ikarudi.

Nikajaribu asubuhi yote. Nikimwangalia anakimbia. Nikimpa mgongo na kikapu anakuja, nikisimama anasimama, nikichuchumaa kufunga kiatu analala chini kabisa, kidevu juu ya udongo. Mbwa mwenye adabu kushinda hata wale wa mzungu. Nikakiacha kikapu chenye majani katikati ya shamba, nikakimbia nyumbani kumwita Shemeji aje aone muujiza.

Shemeji aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeuliza jua hutoka wapi. Akasema kwani sikujua, Taiga alilelewa ndani ya kikapu hicho. Kwamba mama yake alipokufa ulimchukua akiwa hajafungua macho vizuri, ukawa unambeba mgongoni ukichuna, majani yanamwangukia kichwani, na ukihama mstari unasema twende. Alipokua akawa hatoshi, ukamweka chini, akawa anafuata kikapu. Akanikumbusha ile siku karani wa senta alimwaga majani yako kwenye meza ya kukagua na kichwa cha mbwa kikatokea, na karani akasema kwa hasira kwamba kiwanda hakinunui majani ya aina hiyo. Nilikuwa huko Kipkelion wakati huo. Niliporudi mlinisimulia, inaonekana, lakini nilikuwa na habari za ng'ombe wa reli.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo, akiniona nalala kwenye mtaro. Akasema, "Hukuuliza. Ulikuwa unatufundisha."



Jumamosi ikafika. Watu walikuja hata wasio na kesi. Baba Wanjiku wa duka alifunga duka akaja, akasema redio leo haina kitu kizuri kama hiki. Kondoo wa Sigilai wako ng'ambo ya nyasi, weupe kabisa, wanang'aa kama chakula. Kikapu chako nilikuwa nimekiweka kando, na nitakueleza ukweli, sikutaka kukitumia. Mtu ameahidi mbele ya jeneza kwamba mbwa atamtii kama askari, sasa asimame mbele ya wazee na kuwaonyesha mgongo? Wewe unajua kwetu mgongo kwa wazee ni nini. Na abebe kikapu kitupu siku isiyo ya chai, kama mwenda wazimu? Nikajiambia jana alishika adabu, leo atakuja hata nikimwangalia.

Chebet akamfungua. Nikasimama, kifua nje, nikaita. Kiprono, niliita mpaka mishipa ya shingo ikajitokeza. Taiga aliniangalia, akawaangalia watu, akafurahi kwamba tumekuja wengi kucheza naye. Akaanza kuzunguka. Kila nikiita mzunguko unakuwa mkubwa, na kila mzunguko unagusa karibu na kondoo. Mtu mmoja akasema nimwite yule ng'ombe wa reli aje asaidie. Watu wakacheka. Sigilai hakucheka. Alikuwa ameshasimama na kamba mkononi, na nikaona hata yeye haipendi hiyo kamba.

Nikamtafuta Shemeji kwa macho. Alikuwa ameketi nyuma ya wanawake. Hakuwa ananiangalia mimi wala mbwa, alikuwa anaangalia kikapu.

Basi nikaenda nikakichukua. Nikaomba wazee msamaha, kwa maneno machache, wakashangaa kwamba ninayo maneno machache. Nikakitundika, nikawapa wote mgongo, wazee na watu na kondoo na mbwa, nikaangalia upande wa chai yako na ule udongo mwekundu ulipolala. Nikasema kwa sauti yako, au karibu yake, twende. Nikatembea.

Nitakuambia kitu ambacho chui hakunifundisha. Kumwita kiumbe na usimwangalie kama anakuja, ni kazi ngumu. Shingo yangu iliuma. Sikusikia miguu, nyasi zilikuwa laini na upepo ulikuwa masikioni. Watu wamenyamaza, na kimya cha watu huwezi kujua ni cha nini. Nikasema tena twende. Nilitaka sana kugeuka. Nilitembea mpaka karibu na mstari wa kwanza wa chai, na nikaanza kufikiri nitamwambia nini Shemeji, na hapo kikapu kikabishiwa hodi.

Sikugeuka hata hapo. Nikachuchumaa kama wa kufunga kiatu. Nikasikia tumbo lake likigusa nyasi, puu, na pumzi yake kwenye kisigino. Nikakaa hivyo muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji, maana macho yangu yalikuwa na mambo yake na sikutaka kokwet yote iyaone.

Wazee wakasema kesi imekwisha. Sigilai akaikunja kamba, akanijia, akauliza kama sasa nitakuwa natembea nimewapa watu mgongo siku zote za maisha yangu. Nikamwambia nikiona uso kama wake nitafanya hivyo kwa furaha. Akanipa mkono. Kofia yake hajaipata, na mimi sijasema najua ilipo.

Jioni walikuja kwako kunywa chai, nyumba ikajaa. Nikasimulia yote tangu mwanzo, na unanijua, kondoo waliongezeka kidogo na Taiga alikuwa ameshafungua mdomo kwenye shingo ya mmoja, na labda ngurumo zilipiga nilipochukua kikapu. Watu walifurahi. Nilipomaliza nikangoja. Nilikuwa nangoja kabisa, kikombe mkononi, nimegeuza kichwa kwenye ile pembe unayoketi. Baba Wanjiku akaomba sukari.

Basi nikauliza mimi mwenyewe. Nikasema, "Na mbwa naye alisemaje?"

Chebet akashika mdomo. Shemeji akaweka birika chini, akaniangalia, na nikaona kwamba lazima nijibu, na angalau mara moja niwe mtu wa kujibu sawasawa. Nikasema hakusema kitu. Alikuja tu.

Shemeji akaanza kucheka, na kicheko chake kikageuka njiani, na wanawake wakamshika. Ilikuwa vizuri. Ilikuwa imechelewa, lakini ilikuwa vizuri.

Karatasi inaisha na mkono huu haujazoea. Pokea basi salamu nilizoziweka nyuma. Naahidi chai yako haitakomaa juu ya mti nikiwa na mikono, hata kama ni kazi ya watu wasio na la kusema. Naahidi Taiga hatavuka kwenda kwa Sigilai, na nikimtoa nje nitamtoa kwa njia yako, sio ya mzungu. Kuhusu hadithi siwezi kuahidi mengi, lakini nikimaliza nitakuwa nauliza lile swali, hata likinichoma.

Enda salama, mtoto wa mama. Umeshatupa mgongo, na mimi nilikasirika nawe kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia mbwa. Sasa sikasiriki. Usigeuke kutuangalia. Sisi tuko nyuma ya kikapu.

Ndugu yako,
Kiplangat